Nyota Sitini na Tatu za Kikapu cha Aoko

Nyinyi mnaosubiri lori la majani ya chai pale kituoni, na nyinyi wa Boito mliosikia habari hii ikiwa imeshatiwa chumvi njiani, kaeni niwaeleze mwenyewe. Naitwa Chepngetich, lakini wengi mnanijua kama Mama Vinny. Habari hii sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na mbele kidogo mtaona kwamba ingekuwa heri kama ningekaa kimya.

Mwaka juzi nilipata wapangaji wapole kuliko wote niliowahi kuwa nao. Phelix na mkewe Aoko, watu wa upande wa ziwa, walihamia chumba changu cha nyuma hapa Sosiot baada ya mashine za kuchuma majani kuingia katika shamba kubwa la chai walikofanya kazi. Kazi ilipoisha, nyumba ya kampuni nayo ikaisha. Walikuja na kitanda, masufuria, binti yao mdogo Maxine, na visu vitatu vya kupasulia mianzi.

Ukipita nyuma ya nyumba yangu asubuhi, ungemkuta Phelix ameketi kwenye gogo akisuka kikapu. Kule shambani alichuma majani kama wengine, lakini kikapu cha mtu kikitoboka ni yeye aliyeitwa. Aoko alikuwa akikoroga uji huku akimwimbia Maxine, na ng'ombe wangu wakicheua upande wa pili wa ua. Niliwatazama nikafurahi kwamba wako kwangu.

Lakini amani haipikwi ikaliwa. Wachumaji wetu siku hizi hubeba magunia mepesi ya nailoni, na kikapu cha mianzi hakina mnunuzi kituoni. Shemeji yake Phelix akamwita akakate miwa kule chini ya Fort Ternan. Angeenda peke yake, awe anarudi mara moja kwa miezi mitatu. Aoko hakutaka kusikia habari hiyo. Tulikuwa tunamenya viazi aliponiambia.

"Mama Vinny, baba yangu alikuwa mbali kwa kazi mpaka nikaolewa. Nilikuwa namjua kwa picha. Sitaki Maxine akue hivyo."

"Sasa mtakula nini?"

"Nimesikia watu wa Nairobi wananunua hii vikapu. Wanaweka kwa bafu, ya kutia nguo chafu."

Nilicheka mpaka kisu kikaanguka. Kikapu kilichobeba majani ya chai miaka yote hii, leo kiwekwe soksi za watu wa Nairobi. Aoko hakucheka. Alikuwa ameshaamua kufungua duka kwenye soko la mtandaoni, na wiki hiyo hiyo alianza.

Na alianza vizuri, hilo lazima niseme. Alipiga picha asubuhi, kikapu kikiwa mbele ya shamba langu la chai ili rangi ya mianzi ionekane. Alipima urefu na upana kwa rula ya shule ya Maxine. Aliandika maneno machache ya kweli: kikapu cha mianzi cha kuwekea nguo, kimesukwa kwa mkono, Sosiot. Alienda Kericho mjini kuuliza jinsi ya kufunga na kutuma mzigo, akarudi na makatoni aliyoomba dukani. Phelix akaongeza mikono miwili midogo ubavuni mwa kila kikapu, ili mtu aweze kukiinua kikiwa na nguo. Wakakubaliana kwamba Pasaka ikifika bila oda hata moja, Phelix aende kwa miwa. Mfuko wake wa buluu ulikuwa tayari, umetundikwa kwenye msumari mlangoni.

Mwezi ukapita. Watu waliangalia duka, na hakuna aliyenunua. Aoko akampigia simu msichana mmoja auzaye viatu kwenye soko lile.

"Watu wanaangalia nyota," msichana akamwambia. "Duka yako haina hata moja. Nani atakubali kuwa wa kwanza? Vumilia, uza kwa bei ya chini kwa wawili watatu, waambie waseme ukweli."

Huo ulikuwa ushauri mzuri. Laiti ungeishia hapo. Lakini Aoko alikuja kuniambia mimi, na mimi nikiona jambo limekwama husukuma. Ndivyo nilivyo, na marehemu mume wangu alilijua hilo vizuri.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, nilisimama. Wengi wenu mlikuwepo, msijifanye mmesahau.

"Kipkemoi alipoitwa kukimbia ng'ambo, tulimchangia," nilisema. "Msichana wa Kipkurui alipopata chuo, tulimchangia mpaka godoro. Leo sitaki shilingi ya mtu. Dada yetu Aoko amefungua duka kwa simu na hana nyota. Nataka kila mtu hapa ampatie nyota tano na neno moja zuri. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Mzee mmoja akauliza kama ni nyota za mbinguni, watu wakacheka, kisha simu zikatoka mifukoni. Tulikaa pale kwenye nyasi baada ya ibada, wenye kujua wakiwafundisha wasiojua. Soko lile liliruhusu kila mwenye akaunti kusema neno, basi tukafungua akaunti. Nyanya wasio na simu waliandikiwa. Simu ya Benard, yule shemasi anayekusanya maziwa kwa pikipiki, iliwaandikia watu tisa. Sikuwahi kuona harambee iliyoenda haraka hivyo, wala ambayo watu walitoa kwa moyo mkunjufu hivyo, maana haikumgharimu mtu chochote.

Aoko alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani.

"Lakini Mama Vinny, hawa hawajanunua."

"Watanunua siku moja. Ama unataka Phelix aende miwa?"

Aoko akafungua simu yake kuangalia. Kufikia saa nane mchana alikuwa na nyota tano kutoka kwa watu sitini na watatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kikapu chake nyumbani.

Sasa sikilizeni neno la Benard, kwa sababu ndilo lililotuponza. Wengine tuliandika "kiko sawa" na "Mungu akubariki". Benard ana moyo mkubwa na ulimi mrefu zaidi. Yeye aliandika hivi: "Mtoto wetu analala kwa hii kikapu tangu azaliwe, ametulia kama Musa. Hata ukimbeba ndani yake haitikisiki." Kitinda mimba wa Benard ana ndevu.

Aoko aliyasoma maneno hayo jioni ile. Angeweza kumwambia Benard ayaondoe. Alicheka kidogo, akayaacha, kwa sababu yalikuwa yamependwa na watu wengi kuliko yote.

Oda zikaja. Tatu wiki ya kwanza, saba ya pili, kisha kumi na moja. Phelix aliushusha mfuko wake wa buluu msumarini. Niliwaona wawili wale jioni wakifunga makatoni, Maxine akiramba stempu za kubandika, na nikajipongeza kwa sauti mbele ya mtu yeyote aliyekuwa tayari kusikia. Nilisema bila Mama Vinny duka lile lingekufa. Mnakumbuka.

Ndipo ujumbe ukafika kutoka kwa mwalimu mmoja wa Nakuru, Madam Gekara. Aliandika kwamba anatarajia mtoto mwezi ujao na angependa kikapu kama kile cha mtoto wa Benard, chenye mdomo mpana.

Aoko alishika simu ili ajibu. Baadaye aliniambia kwamba mkono wake ulitaka kuandika ukweli, kwamba vikapu hivi ni vya nguo. Lakini angemjibu hivyo, ingembidi aeleze Benard ni nani, na wale wengine ni akina nani. Akaandika, "Sawa dada, itakuja."

Phelix alipopewa vipimo alishangaa.

"Pana hivi ni ya nini?"

"Ni ya nguo," Aoko alisema. "Nguo za mtoto."

Basi Phelix akasuka kikapu cha nguo. Alikisuka vizuri, akalainisha kingo kwa kipande cha chupa ili vitambaa visikwaruzwe, na mikono akaifunga ubavuni kama siku zote. Mzigo ukaenda Nakuru.

Wiki ya tano baada ya mtoto kuzaliwa, nilikuwa nachuma majani saa tano asubuhi nilipomwona Aoko anakuja mbio katikati ya mistari ya chai. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka na hakukiokota. Alinipa simu nisome. Madam Gekara alikuwa amembeba mtoto ndani ya kikapu kutoka chumbani kwenda sebuleni. Mkono mmoja wa kikapu ukang'oka. Mtoto aliteleza akaanguka sakafuni, na mfupa wa bega ukavunjika. Daktari alisema utaunga, watoto wachanga huunga upesi, lakini mama yule alikuwa amesikia kilio ambacho hatakisahau.

Alikuwa ameweka picha ya mtoto, mkono umefungwa kifuani, na nyota moja. Chini yake aliandika: "Nyinyi watu sitini na watatu, mlinunua hiki kikapu? Benard, mtoto wako yuko wapi?"

Nilikaa chini palepale kwenye chai. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe, na sitaki kuipamba kwa maneno mengine.

Njia ya mwongo ni fupi. Wenye soko waliangalia, wakakuta sifa zetu zote zimeandikwa mahali pamoja, Jumapili moja, kati ya saa sita na saa nane, tisa zikitoka kwenye simu moja. Siku ya tatu duka likafungwa. Oda zilizokuwa zikisubiri zikafutwa, na vikapu kumi na vinne vikabaki vimepangwa chini ya paa langu.

Jioni hiyo Aoko alimwambia mumewe kila kitu, mimi nikiwepo kwa sababu aliniomba nisiondoke. Phelix hakupaza sauti. Aliinua kikapu kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole pale mkono unapofungwa.

"Mkono wa kikapu ya nguo unafungwa hapa kwa mbavu," alisema. "Ya kubeba mzigo mzito unapita chini, unashika kitako, unarudi juu. Hiyo hata mtoto wa fundi anajua. Ungeniambia tu ni ya mtoto."

"Ungesema nini?" Aoko aliuliza.

"Ningesema sijui kutengeneza ya mtoto."

Kisha akaingia ndani na kuanza kutia nguo kwenye mfuko wa buluu. Aoko alilia kwa sauti, na Maxine akalia kwa sababu mama yake analia. Lile jambo alilolikimbia kwa uongo lilikuwa limemfikia kwa miguu yake lenyewe.

Niliondoka, lakini kabla ya kufika mlangoni kwangu nilirudi. Nimewaambia mimi husukuma. Safari hii nilijua angalau pa kusukuma.

"Phelix," nilisema, "miwa haitahama. Kesho tunaenda Nakuru sisi watatu. Tukirudi, uende ukitaka."

Madam Gekara alitufungulia mlango akiwa amembeba mtoto, na alipojua sisi ni nani hakutukaribisha kuketi. Tulisema tukiwa tumesimama. Nilianza mimi, maana wazo lilikuwa langu. Nikamweleza Jumapili ile ilivyokuwa, bila kuficha. Aoko akafuata.

"Ulipouliza ya mtoto, nilijua si ya mtoto," alisema. "Nilikudanganya wewe, nikadanganya mzee wangu. Yeye hakujua."

Phelix akaomba kukiona kikapu. Alikikagua, akamwonyesha mama yule mahali palipong'oka na sababu yake. Hakujitetea. Madam Gekara akauliza, "Kwa hivyo sasa unajua shida ilikuwa wapi. Unaweza kunitengenezea kingine, cha mtoto?"

Mimi moyoni nikasema, sema ndiyo, tumepona.

"Hapana, madam," Phelix alisema. "Mimi najua ya majani na ya nguo. Ya mtoto sijui, na siwezi kujifunzia kwa mtoto wako."

Kisha yule mwalimu akavuta kiti kwa mguu akamwambia Phelix aketi, na sisi pia tukaketi. Aoko aliacha bahasha yenye pesa za matibabu mezani. Phelix alirudisha ule mkono wa kikapu pale pale kwa kisu na ukindu aliobeba mfukoni, akasema, "Hii sasa ni ya nguo. Usiweke kitu ingine." Alipomaliza, mtoto alikuwa amelala, na mama yake alitusindikiza mpaka getini.

Tuliporudi, Phelix aliutundika mfuko msumarini ukiwa na nguo ndani. "Nangoja kidogo," alisema. Hakusema anangoja nini.

Jumapili nilisimama tena wakati wa matangazo, mahali palepale. Niliwaambia ukweli wote, na nilipowatazama mlitazama chini. Kisha nikasema, "Vikapu kumi na vinne viko kwangu. Anayetaka kumsaidia Aoko anunue moja, aitumie mwezi mzima, kisha aje aseme imekuwaje. Mbaya aseme mbaya."

Nyote mnajua ni wangapi walitoa simu Jumapili ya kwanza. Jumapili hii walinunua watu sita. Benard alikuwa wa kwanza, akakitia mtungi wa maziwa kwenye pikipiki, na siku ya tisa kitako kikachanika. Alikileta kwa Phelix uso umeinama.

"Shemasi, hii si ya maziwa," Phelix alimwambia.

"Najua. Nilitaka tu kuwa na kitu ya kweli ya kusema."

Tulicheka wote watatu, na nadhani hicho ndicho kicheko cha kwanza katika ua ule tangu habari ile ya Nakuru. Lakini Phelix aliyachukua maneno ya wale sita kama mchumaji anavyochukua majani mawili na chipukizi, bila kuacha. Mama mmoja alisema kingo zinanasa sweta, Phelix akaongeza kulainisha. Mwingine alisema kitako kinashika unyevu bafuni, Phelix akakiwekea miguu mitatu mifupi.

Aoko aliwaandikia wenye soko, akakiri kosa bila kulizungusha. Baada ya miezi mitatu walimruhusu aanze upya, bila nyota hata moja. Safari hii picha zilikuwa zilezile, na maneno yalikuwa yaleyale, ila aliongeza mstari mmoja juu kabisa: "Si cha kubebea mtoto, wala maziwa, wala kitu chochote kizito." Nilimwambia hakuna mwuzaji anayeanza kwa kueleza kile ambacho bidhaa yake haiwezi. Akanijibu, "Mama Vinny, wacha mimi niuze." Nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Siku nane baadaye alinipigia simu nikiwa kituoni tukisubiri lori. Duka lilikuwa limepata nyota zake za kwanza. Zilikuwa tatu, si tano. Alinisomea: "Kikapu kizuri cha nguo. Si cha mtoto. Nilidanganywa nacho mara ya kwanza, halafu waliotengeneza wakaja mpaka nyumbani kwangu kusema ukweli. Nunueni kwao. Mwalimu Gekara, Nakuru."

Oda mbili zilikuja siku hiyohiyo. Wiki hiyo zikafika tano. Hazikuwahi kuja kwa kasi ya zile za kwanza, lakini hazijawahi kukoma. Siku ile ya simu, niliporudi nyumbani nilikuta mfuko wa buluu hauko msumarini. Nilishtuka, nikazunguka nyuma. Phelix alikuwa kwenye gogo lake, na mfuko uko miguuni pake, umejaa visu, ukindu na vipande vya mianzi. Alikuwa akimfundisha Maxine kuhesabu kwa vipande hivyo.

FUNZO

Ndugu zangu, kosa letu halikuwa kumsaidia jirani. Sisi ni watu wa kuchangiana, na tusiache. Kosa letu ni kwamba tulichangia kitu ambacho hatukuwa nacho. Mwenye kutoa sifa asiyoijua anatoa deni, na atakayelilipa ni mtu mwingine, pengine mtoto wa wiki tano.

Wewe unayeanza kuuza kwenye simu, usiogope duka tupu. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kikapu cha Phelix kilikuwa chema tangu mwanzo. Kilihitaji mnunuzi mmoja wa kweli na subira kidogo, na sisi kwa haraka yetu tukakitembeza kama kibaya. Eleza bidhaa yako inafanya nini na haifanyi nini. Na hata ukimdanganya mteja, jambo ambalo ni baya, usimdanganye fundi wako, kwa maana hapo umemfunga mikono mtu pekee ambaye angekuokoa.

Nasi tunaosifu, mimi nikiwa wa kwanza, tubebe kikapu cha mtu kabla ya kukitolea nyota. Cha kwangu nimekitumia mwaka mzima sasa. Nimekipa nyota nne, kwa sababu kifuniko nilichomwomba akiongezee kinabana, na Phelix ameniambia kwamba Jumatatu atakirekebisha.